Kichwa cha Gunia

Gunia la kwanza lilikuwa limekwisha kujaa, na bado Bakari, mnunuzi, aliongeza viazi. Alipanga kimoja juu ya kingine, akavifunika kwa majani, akashona wavu wa kamba juu yake hata gunia likaota kichwa. Kisha akaandika kwenye daftari lake: gunia moja.

Kristofa aliyatazama hayo akiwa amekaa kizingitini kwake, pale kijijini Gare, simu mkononi. Hayakumhusu. Shamba lilikuwa la mkewe, Jenoveva. Yeye alikuwa fundi wa mitambo katika meli ya shehena, amekuja likizo. Tangu soko liwe huria, wanunuzi walipanda milima hii na magari yao na vipimo vyao, na mkulima aliyeikataa lumbesa, gunia la kichwa kama hilo, aliachiwa viazi vyake vichipue stoo. Mwenye gari ndiye mwenye mizani. Haya, nani angembishia?

Lililomhusu Kristofa lilikuwa kwenye simu. Meli zinazotia nanga Ulaya sasa zilitakiwa kuripoti kila tani ya mafuta ziliyochoma, ili ijulikane zimetoa hewa ukaa kiasi gani. Kupima ilikuwa kazi yake. Kila adhuhuri aliteremsha utepe wa chuma mpaka chini ya tangi, akautoa, akasoma mafuta yalipofikia, akaandika na kutia sahihi. Lakini safari ya mwisho bahari ilichafuka siku kumi na moja. Meli ilipambana na mawimbi ikila mafuta bila huruma, na hakuna aliyeteremsha utepe. Injinia mkuu alimwambia anakili tarakimu za safari iliyotangulia, ya bahari shwari, naye akanakili. Moshi wa baharini, alijiambia, una mwenyewe?

Leo saa nne mkaguzi angempigia, na Jenoveva alilijua hilo. Injinia mkuu alikuwa amemwandikia ujumbe mfupi: aseme walipima kila siku, na mkataba wake mpya uko tayari. Kristofa alikuwa na miaka hamsini na mbili. Akiukosa mkataba huo, hakuna meli nyingine ambayo ingemchukua.

Jenoveva alikuwa amesimama kando ya gunia, mikono kiunoni. Hakuwa mwanamke wa kelele.

"Kaka Bakari, hicho kichwa umekiandika wapi?"

"Mama, gunia ni gunia," Bakari akajibu kwa upole. "Ndiyo mazoea."

"Nimeuliza kimeandikwa wapi. Mgongo wangu umevichimba viazi hivyo. Kwenye karatasi havimo."

Bakari akacheka, akamgeukia Kristofa, mwanamume mwenzake na mtu aliyetembea dunia, amweleweshe mkewe. Kristofa akainamisha macho kwenye simu. Aliona aibu, ile ya kweli inayopanda hadi masikioni, wala haikuwa kwa ajili ya viazi. Simu ikalia.

Aliipokea huku akipanda nyuma ya nyumba, kwenye mikaratusi, ambako sauti haikatiki. Mkaguzi alikuwa mwanamke asiye na haraka. Alimsomea tarehe zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, akauliza kama siku hizo mafuta yalipimwa kwa utepe. Kule uani Jenoveva alikuwa ameukata wavu, na viazi vilibingirika hadi miguuni pa Bakari.

"Hatukupima," Kristofa akasema. "Nilinakili za safari nyingine. Sahihi ni yangu."

Upande wa pili vikasikika vidole vikiandika. Akaombwa ataje jina lake tena, herufi kwa herufi. Akalitaja.

Aliposhuka, Bakari alikuwa ameondoka na gari lake tupu. Magunia sita yalisimama ukutani, midomo wazi. Jenoveva alikuwa amechuchumaa akiokota viazi, na alipoinua macho akaisoma sura ya mumewe.

"Watakuita tena melini?"

"Sidhani."

Jenoveva akainuka, akachukua sindano ya magunia na kamba.

"Basi shika hapa."

Kristofa akaubana mdomo wa gunia kwa mikono yote miwili, nalo limejaa mpaka ukingoni tu, na mkewe akaanza kushona.