Picha ya Corbin na Gari la Maiti

Roxanne Pelikan, mpiga picha wa mji wa Orrin, alidhani ameshaona kila kitu ambacho kijana wa mwaka wa mwisho wa shule anaweza kukiegemea. Wavulana wa Orrin huegemea pikapu. Wasichana huingia kwenye mahindi wakiwa na gauni na mabuti, kana kwamba walikuwa njiani kwenda harusini wakakumbuka kuna ndama hajalishwa. Aliwahi kumpiga picha mvulana na kulungu aliyemwua asubuhi ile ile. Aliwahi kumpiga picha msichana na nguruwe wake wa mashindano, na nguruwe ndiye aliyetoka vizuri. Watoto wadogo aliwaketisha kwenye ndoo, kwenye mabeseni na juu ya marobota ya majani makavu, na hajapata kumwona hata mmoja aliyefurahia. Kwa hiyo Corbin Uhlig alipompigia simu mwezi wa tisa kumwambia anataka kupigwa picha na gari la maiti, aliuliza tu ni gari lipi.

"La Bwana Bierbaum," Corbin alisema. "Liko moja tu, Bi Pelikan."

Alilijua. Kila mtu Orrin alilijua, na lenyewe halikuwa na haraka na mtu.

Corbin alieleza bila kuzunguka. Alikuwa akiliosha gari lile baada ya shule tangu ana miaka kumi na mitano. Baadaye Bwana Bierbaum, mwenye nyumba ya mazishi, akamruhusu kupanga maua, kisha kupanga viti, na sasa humwachia asimame mlangoni na suti kuwapokea wafiwa. Chuo kimoja cha kazi hiyo, huko Kansas City, kilikuwa kimemkubali. Mama yake alijua. Mdogo wake Hattie, wa miaka saba, alijua pia na alishawaambia watu wengi, lakini hakuna anayemwamini Hattie. Asiyejua alikuwa baba yake.

Na baba yake, Galen Uhlig, alikuwa amempigia Roxanne simu wiki hiyo hiyo. Yeye alitaka mwanawe apigwe picha pembe ya kaskazini ya shamba, kando ya trekta kuukuu, pale alipopigiwa yeye, na kabla yake baba yake. Roxanne alishaziona picha hizo kwenye korido ya akina Uhlig. Trekta ni lile lile na sura ni ile ile, isipokuwa masikio yanazidi kukua. Galen alisema picha hiyo ndiyo itakayokwenda kwenye nguzo.

Mambo ya nguzo si ya mchezo Orrin. Kila mwaka mji hutundika picha kubwa za wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwenye nguzo za taa, kuanzia benki hadi kwenye maghala ya nafaka, nazo hukaa huko theluji na upepo hadi siku ya kuhitimu. Ukienda kununua maziwa unazisoma, ukirudi unazisoma tena. Ulichoshika kwenye nguzo ndicho utakachokuwa mpaka ufe. Yuko babu mmoja pale mjini, ana wajukuu, bado watu wanamwita Tarumbeta.

Roxanne alimwambia Corbin atapiga zote mbili siku moja, saa kumi ya gari na saa kumi na mbili ya trekta, ila hakuna picha itakayotoka kwake kwenda kwenye nguzo kabla Corbin hajasema na baba yake. Corbin akaahidi kusema mavuno yakiisha. Roxanne aliwahi kuwa mke wa mkulima, kwa hiyo alijua mavuno hayaishi, hubadilisha zao tu. Alijiona mnafiki kukubali pande mbili, na alikuwa mnafiki kweli.

Lakini hakuweza kumkatalia yule kijana. Mumewe Vern alipofariki, majira ya baridi mawili nyuma, Bwana Bierbaum alikuja kuuchukua mwili nyumbani pamoja na Corbin. Watu wote walikuwa wakimwambia Roxanne maneno ya pole ambayo hakusikia hata moja. Corbin ndiye pekee aliyemwuliza kitu. Alimwuliza Vern alikuwa akiivaa miwani yake au akiitia mfukoni. Roxanne akasema mfukoni, maana alikuwa akiipoteza kila akiivua. Corbin akaitia kwenye mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko kidogo, kama Vern mwenyewe alivyozoea kufanya akitaka kuhakikisha ipo. Roxanne alilia hapo kwa mara ya kwanza, na alimshukuru kijana huyo kuliko alivyowahi kumshukuru mchungaji.

Siku ya picha ilikuwa kavu na yenye upepo, na redio ilikuwa imetangaza mvua ya kesho yake. Kila mkulima alikuwa shambani. Corbin alitangulia na gari la maiti, suti nyeusi, tai imekaa sawasawa. Hattie aliketi mbele kando yake kwa sababu mama yao alikuwa zamu kliniki. Roxanne alifuata nyuma na gari lake, ambalo taa zake hujiwasha zenyewe. Walikuwa wakielekea kilimani, upande wa makaburi, ambako jua la jioni hushuka vizuri. Gari la maiti mbele, gari moja nyuma limewasha taa. Roxanne hakufikiria lolote mpaka alipoona lori la kwanza limesimama kando ya barabara.

Kule msafara wa mazishi ukipita, watu husimama. Hata kama una haraka ya hospitali, unaegesha pembeni, unavua kofia, unainamisha kichwa. Hilo Roxanne alilijua. Asichokitegemea ni huruma. Ardis Kolterman, bibi wa kanisani ambaye hajawahi kukosa mazishi, alisimama, akatazama, akaona maiti amesindikizwa na gari moja tu. Moyo ukamwuma. Akawasha taa akaunga msafara. Nyuma yake wakaunga ndugu wawili wa akina Stuhr na lori lao lililojaa mahindi, kisha mwalimu wa hesabu, kisha gari ambalo Roxanne hakulijua kabisa. Huruma ya watu wa Orrin huchelewa kuwaka, lakini ikishawaka haina breki.

Roxanne alimpigia Corbin simu. Hakupokea, kwa kuwa Bwana Bierbaum alimfundisha kwamba dereva wa gari lile hapokei simu. Corbin aliuona msafara kwenye kioo, na akafanya alivyofundishwa. Akapunguza mwendo.

Ndipo wakapita shamba la Uhlig. Kombaini ya kuvunia ilikuwa katikati ya mstari, ikitoa vumbi kama tanuri, na ghafla ikazimwa. Galen akateremka. Akatembea hadi ukingoni mwa barabara, akavua kofia akaiweka kifuani, akainamisha kichwa gari jeusi lilipompita karibu. Hakuinua macho, kwa sababu si adabu kuchungulia. Angeinua, angemwona Hattie akimpungia kwa mikono yote miwili. Roxanne alipompita aliteremka chini kwenye kiti kadiri alivyoweza, na alipotazama kioo chake Galen alikuwa ameshaingia kwenye pikapu, amewasha taa, amekaa mwisho wa foleni. Siku kavu, mvua kesho, na Galen Uhlig ameacha mahindi.

Walifika kilimani. Corbin akaegesha karibu na lango la makaburi. Magari yote yakaegesha nyuma yake kwa utaratibu mzuri, milango ikafunguliwa na kufungwa polepole kama ifungwavyo mahali pale. Ardis alishuka na sinia la viazi vya kuokwa na jibini. Alikuwa akilipeleka kwenye mkutano wa kanisa, lakini msiba ni msiba. Akamsogelea Roxanne, akamshika kiwiko, akauliza kwa sauti ya chini ni nani.

"Hakuna mtu, Bi Kolterman."

"Usiseme hivyo, mwanangu," Ardis alimwambia. "Kila mtu ni mtu."

Hapo Corbin akatokea. Roxanne alitarajia kumwona amekuwa mwekundu, ametahayari, anacheka kijinga, kama ambavyo mvulana yeyote wa umri wake angefanya. Corbin alikuja amekunja mikono mbele, akampokea Ardis lile sinia zito, akaliweka juu ya boneti ya gari la Roxanne. Kisha akapita kwa kila mtu, mmoja mmoja, akamwambia kwa sauti ile ile ya upole kwamba hakuna aliyekufa, kwamba ni picha yake ya shule, kwamba anasikitika kuwapotezea siku na anashukuru kwa kusimama. Ndugu wa akina Stuhr wakamshukuru na wao, bila kujua ni kwa lipi. Mwalimu wa hesabu akampa pole.

Hakuna aliyeondoka. Orrin si desturi kuwa wa kwanza kuondoka. Hivyo wote walikuwapo Corbin alipofika kwenye pikapu ya mwisho, na hapo mikono yake ikakunjuka.

"Hilo ni gari la Bierbaum," Galen alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Nani kafa?"

"Hakuna."

Galen aliitazama suti. Akamtazama Roxanne na kamera yake shingoni, na Roxanne akatamani ardhi ya kaunti impasukie. Galen hakuwa mtu wa kuchorewa ramani.

"Hii ndo ya kwenye nguzo," alisema.

Roxanne aliomba kimoyomoyo Corbin asitaje mavuno.

"Nimepata chuo, Baba. Cha kazi hii. Sitarudi kulima. Nilitakiwa nikwambie toka masika, nikaogopa."

Ndugu wa akina Stuhr waliinua nyuso wakaanza kulichunguza anga. Uso wa Galen haukubadilika, ila alianza kuizungusha kofia yake mikononi, polepole, kwa kufuata ukingo wake. Alisema, "Babu yako," kisha akaiacha sentensi hapo hapo. Akageuka kumtazama Hattie, ambaye alikuwa amehamia ndani, sehemu ya nyuma ya gari la maiti, amelala chali, anasifu zulia.

"Na wewe je?" akamwuliza.

"Mimi nitakuwa farasi," Hattie alisema.

Galen akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyelitarajia. Kilikuwa kikao cha familia cha aina yake, na Roxanne hakuwahi kumhurumia mtu mzima kiasi kile. Vizazi vitatu vya akina Uhlig vilikuwa vimelala upande wa pili wa lango, wote wakulima, na yeye alikuwa amesimama mbele yao na kofia mkononi.

"Nimeacha kombaini katikati ya mstari," Galen alisema hatimaye. Hakumwambia mtu hasa. "Kesho mvua. Nimeona magari matano tu yanafuata. Nikasema, huyu maskini hana watu. Nikasema, siwezi kukaa navuna na mtu anakwenda kuzikwa hana watu. Wala sikujua ni nani."

"Ndiyo kazi yenyewe, Baba," Corbin alisema.

Galen alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kuanzia tai hadi viatu, kama anavyotazama ng'ombe ambaye hakukusudia kumnunua. Ardis Kolterman akatoa leso akapenga kamasi. Kwake ilikuwa imeshakuwa mazishi ya kutosha.

"Ile ya saa kumi na mbili ifute, Roxanne," Galen alisema.

Roxanne akasema anaweza kuja kesho, au hata mvua ikiisha, hana shida, atafika.

"Ifute."

Sauti ilikuwa ya mtu anayefuta oda ya mbegu. Akavaa kofia, akageuka, akaelekea kwenye pikapu yake. Watu wote walimpisha apite. Corbin alibaki pale aliposimama, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini alionekana mtoto, suti imemzidi mabega.

Galen hakupanda. Alifungua mlango, akainama nyuma ya kiti, akatoka na jagi lake la maji ya kunywa na tambara. Akalinusa tambara, akalirudisha. Akatoa leso safi mfukoni. Akawapita Ardis na akina Stuhr na mwalimu wa hesabu bila kumtazama yeyote, akafika kwenye gari jeusi, ambalo barabara ya changarawe ilikuwa imelipaka vumbi hadi kwenye vioo. Akaimwagia maji leso yake, akapiga goti kwenye majani, akaanza na mlango wa mbele.

Corbin akamkimbilia, anakunja mikono ya koti.

"Simama huko," Galen alimwambia bila kugeuka. "Utaichafua suti."