Maombi Bila Picha

Kazi yangu ni kugawa mtandao wa satelaiti nikiwa ofisini Nyakabiga. Jana niliona simu moja inameza mtandao wote wa kituo cha afya cha Ruziba, huku picha za eksirei zimekwama, hazimfikii daktari. Nikaudhika, nikaikata hapohapo.

Mara mama mkwe wangu Pascaline, aliyelazwa huko, akanipigia kwa laini ya kawaida.

"Fabiola, muchawi gani amekata video ya maombi? Pasta alikuwa amefika kwa jina yako, namuonyesha picha yako akuombee!"

"Ni mi, mama."

Eksirei zikaanza kwenda. Nikamrudishia maombi, ila sauti tu.

"Na picha?"

"Sura yangu Mungu anaijua, mama."