Dawa za Nywele

Kila jioni Chiriku aliporudi kutoka saluni, mama yake alifungua madirisha yote. "Hizo dawa za nywele zitakumaliza," alisema, na binti alicheka, akaoga, akalala fofofo mpaka asubuhi. Mama ni fundi cherehani, mshona sare za shule. Mambo ya saluni ayajulie wapi? Na saluni yenyewe ilikuwa ya mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Mtoto wa miaka kumi na sita akiwa kwa mama yake mdogo akijifunza kusuka, utamwogopea nini?

Jumatatu moja asubuhi Chiriku alitapika damu juu ya sare alizokuwa akizikunja.

Hospitalini daktari aliuliza taratibu, "Mama, binti anakunywa pombe?"

"Pombe!" Fundi alishtuka. "Huyu hata soda ikimpanda puani analia! Muulize mama yake mdogo huyu hapa, ndiye anayeshinda naye."

Msusi alisimama mlangoni, mkoba kaukumbatia kifuani. "Anakula ovyo tu, daktari. Mapilipili."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Kumgeukia mwanawe, akaona macho yake hayamtazami yeye. Yalikuwa kwa mama mdogo, yanaomba ruhusa.

"Nataka ukweli," daktari akasema. "Kuna dawa zitamdhuru ikiwa ini limeguswa na pombe. Msinifanye nibahatishe."

"Mama mdogo, mwambie," Chiriku akanong'ona. "Mimi siwezi."

Msusi akashusha mkoba. "Ni mvinyo tu. Ule mtamu, wateja wanakuja nao. Kusuka tangu asubuhi kunavunja mgongo, nikampa kikombe achangamke. Basi kikawa viwili. Siku hizi asipopata, mikono inamtetemeka, hata mstari wa nywele haunyooki."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Dada, usinitolee macho. Mtoto alikuwa ananuka, ulidhani nini?"

"Uliniambia ni dawa za nywele! Nilikuuliza mlangoni kwako, ukaniambia ni dawa za nywele!"

"Afadhali alinywa machoni pangu kuliko vichochoroni."

Daktari alikuwa anaandika. Tumbo lina kidonda, alisema, na damu ipimwe ajue ini limeathirika kiasi gani. Mwili wa umri huu bado unajengwa. Pombe inabomoa huku mwili ukijijenga. Atapona akiacha kabisa, na ataachishwa hapahapa chini ya uangalizi, maana kutetemeka kule si jambo la mchezo.

Fundi akamshika mdogo wake mkono, akamtoa mpaka korido. "Kwangu usikanyage. Kwa mwanangu usikanyage."

"Mama, usimfukuze!" Chiriku alilia kutoka kitandani. "Yeye ndiye anayenielewa!"

Fundi alisimama mlangoni, mmoja mbele yake, mmoja nyuma yake, na wote wawili walikuwa wakijua siku zote, wakamficha. Binti akaanza kutapika tena. Fundi akaingia peke yake, akashika beseni.