Mgeni wa Mlango wa Nyuma

Meneja alipokaribia kutimiza miaka minane alituita sebuleni, sisi watu wazima wote watatu, akatuambia tukae. Jina la Meneja alipewa na baba yake, kwa sababu tangu ajue kusema yeye ndiye aliyeendesha nyumba: nani aoge kwanza, nani ameiacha sabuni kwenye maji, kwa nini taa ya korido inawaka mchana. Siku hiyo alikuwa na jambo moja tu. Hataki tena kuchangia keki na mdogo wake.

Hao wawili walizaliwa wiki moja, miaka ndiyo iliyopishana, na mwaka huo siku ya dada iliangukia Jumamosi na ya mdogo wake Jumapili. Mdogo wake tulimwita Kifungo, kwa kuwa alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha shati la baba yake, akatuhangaisha nyumba nzima mpaka kilipojitokeza chenyewe. Desturi yetu ilikuwa keki moja na wimbo mmoja, na mishumaa ikae makundi mawili kama timu zinazomsubiri refa.

Dada yangu, ambaye ndiye mama yao, ni muuguzi, na huwa hashtushwi na madai ya mtu yeyote. Akasema sawa, kila mtu atakuwa na siku yake. Meneja akaongeza sharti: siku yake yeye, Kifungo asikae karibu na keki, na asipulize mshumaa hata mmoja.

"Sasa atakuwa nani hapa nyumbani?" baba yake akamuuliza.

Meneja alifikiri. "Atakuwa mgeni."

Kifungo alikuwa chini ya meza anaviringisha kifuniko cha sufuria. Tukadhani hajasikia.

Kazi ya keki ilikuwa yangu. Mimi ni mama yao mdogo, naishi nao, na riziki yangu ni kuoka keki za watu. Oveni yangu imekula nusu ya jiko la dada yangu na hajawahi kulalamika, isipokuwa kila siku. Lakini shemeji yangu ni mwandishi wa mabango. Maduka mengi ya mtaa wetu yanasomeka kwa mkono wake, kwa hiyo akasema haiwezekani keki ya binti yake iandikwe na mtu mwingine. Ijumaa jioni akaingia jikoni na penseli sikioni, rula na uzi. Akafumba jicho moja. Nikamwambia hii si duka la vipuri. Akanijibu kwamba herufi nzuri ni ile inayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

"Shemeji," nikamwambia, "nani ataitazama keki hii akiwa ng'ambo ya barabara?"

Hakunisikiliza. Alipomaliza, juu ya keki palisomeka HERI MENE, na JA ikawa imeteremka ubavuni. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaitazama, akasema haina neno, maana watoto ni wafupi na wengi wao wataanza kusoma hapo pembeni.

Jumamosi mchana rafiki zake Meneja wakaja, wasichana wa darasani kwake, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Meneja akawapanga kwenye viti kwa urefu. Dada yangu alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho yamemvimba, lakini amevaa gauni lake zuri. Tulipotaka kuanza tukagundua Kifungo hayupo. Hakuwa chumbani, wala bafuni. Nilikuwa naelekea uani kumtafuta niliposikia mlango wa mbele unabishwa.

"Hodi."

Shemeji akafungua. Kifungo alikuwa amesimama pale nje, shati limechomekwa, nywele zimelowa maji, amekumbatia foronya iliyofungwa fundo. Alitoka kwa mlango wa nyuma na kuizunguka nyumba nzima.

"Karibu," shemeji akasema, taratibu kabisa. "Ni nani mwenzetu?"

"Jirani," Kifungo akasema. "Nimesikia kuna sherehe."

Dada yangu akageuka akatazama ukuta, mabega yanamcheza. Kifungo akavua viatu, akampa mkono kila mtu, akamuuliza baba yake habari za kazi, akamuuliza mama yake kama watoto hawajambo. Mama yake akasema hawajambo, ila mmoja wao msumbufu kidogo. Kifungo akatikisa kichwa kwa huruma, akasema hata kwao yupo wa namna hiyo. Kisha akamkabidhi Meneja ile foronya.

Ndani yake mlikuwa na kibanio cha nywele chenye kipepeo, ambacho Meneja alikitafuta mwezi mzima na kunituhumu mimi.

"Hiki ni changu," Meneja akasema.

"Ndiyo maana nimekuletea."

Kumfokea mgeni Meneja hawezi, na yeye mwenyewe ndiye aliyempa mtoto ile kazi. Akamwonyesha kiti cha mwisho, karibu na mlango. Kifungo akakaa, mikono magotini, kama mtu aliyekuja kuposa.

Tukaimba. Meneja akavuta pumzi, akapuliza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wiki ile meno yake mawili ya mbele yalikuwa yametoka, na pumzi yote ikapita kwenye pengo ikaenda kwenye pua ya rafiki yake. Mishumaa ikainama, ikainuka, ikaendelea kuwaka. Akarudia. Nta ikaanza kudondokea neno HERI. Wasichana wakaanza kucheka, mmoja akifunika mdomo, na nikaona kidevu cha Meneja kinatetemeka. Miaka yote tuliamini wanapuliza wawili. Kumbe mwenye mapafu alikuwa Kifungo.

Shemeji alinyanyuka kusaidia, mke wake akamvuta shati akakaa. Meneja alikuwa ameshageuka kumtazama yule jirani kule mlangoni.

"Njoo," akasema kwa sauti ndogo.

"Mimi ni mgeni," Kifungo akajibu. Hakusema kwa kisirani. Alikuwa anakumbusha tu utaratibu.

"Mgeni akiombwa anasaidia."

Kifungo akalipima jambo hilo. Akaja, akasimama pembeni yake, akauliza kama amwachie mshumaa mmoja. Akamwachia mmoja. Mingine ilizimika yote mara moja, na unga wa sukari ukamrukia baba yake kwenye masharubu. Ule mmoja Meneja aliuzima kwa kuusogelea karibu mno, na tukampigia makofi kana kwamba amezima moto wa ghala.

Jumapili Kifungo aliamka kabla ya kila mtu, akapita kwa majirani wa kweli kuwatangazia umri wake, na baada ya chakula cha mchana akalala fofofo kwenye kochi, viatu miguuni. Keki yake ilikuwa mezani. Aliomba picha ya ng'ombe, na baba yake alichora kitu kama meza yenye masikio. Shemeji akaanza kuizunguka ile keki, akisema pembeni pamezidi kidogo na panahitaji kunyooshwa kwa kijiko. Meneja akavuta kiti, akakaa kati ya baba yake na meza, akamnyang'anya baba yake na ile rula.

Dada yangu akapendekeza tumwamshe mtoto, kwa kuwa yeye mwenyewe kesho ana zamu. Meneja akakataa. Akasema siku ni ya Kifungo, na akitaka kuilala yote ataachwa ailale. Tukanywa chai kavu. Shemeji akajaribu tena, akapigwa rula ya vidole.

Giza lilikuwa linaanza kuingia Kifungo alipoinuka, mistari ya kochi imechorwa shavuni, akatutazama kwa hasira kana kwamba sisi ndio tuliochelewa. Akauliza kama keki imekwisha.

"Haijaguswa," dada yake akamwambia. "Baba amejaribu."

Kifungo akaisogelea meza, akamtazama ng'ombe wake kwa muda, akamtazama na baba yake, aliyekuwa anajipangusa mikono isiyo na kitu. Akasema tukikata, sikio la kwanza apewe baba, kwa sababu ameteseka. Meneja akawasha mishumaa na kusogea pembeni kumpa nafasi.