Wanamngoja Aombee Chakula

...na sasa wote wamefumba macho, baba, mchungaji kwa miaka thelathini sasa, kwenye kiti chake cha siku zote, mama, kaka mkubwa, wanamngoja yeye, kwa sababu humu ndani ukiambiwa uombee chakula hutoi udhuru, na maneno anayo, yamemkaa ulimini tangu utotoni, Baba wa mbinguni tunakushukuru kwa siku ya leo, angeweza kuyamwaga huku anawaza mengine, lakini huu mwaka wa tatu hakanyagi kanisani na hapa hakuna ajuaye, kila Jumapili ana kazi, ndivyo anavyowaambia, uongo mtupu, na leo alikuja kusema basi, mimi sisali tena, mnisamehe, halafu baba akamwahi, akamwambia tuombee... kimya kinarefuka, na hapo ndipo mambo yanapochekesha, maana kwa walokole hawa anayekawia kuanza huhesabiwa kuwa Roho amemshukia, mama ameshaanza kunong'ona, ndiyo Bwana, ndiyo, masikini mama, kumbe mwombaji macho kodo, kuyafumba hawezi tena, tangu alipoanza kufundisha watoto viziwi, siku ile ya kwanza alipowaonyesha kwa ishara wafumbe macho wasali na binti mmoja akaangua kilio, kwa sababu asiyesikia ukimfumbisha macho umemfungia peke yake gizani, aliona aibu, tangu hapo anawatazama tu kila asubuhi, mikono yao, nyuso zao, anatazama mpaka kitu fulani kinatulia kifuani, hajui kama ndiye Mungu yule yule wa baba, hajakiuliza jina... mbona leo kinatulia hapa hapa, kwa kaka anayenusa mchuzi kwa siri, kwa mama na kidole chake chenye plasta, kwa baba, kope zinamtetemeka, amezeeka lini hivi, na shingo ilivyokonda, ndiye huyu ambaye yeye alikuwa akimwogopa kuliko moto wa milele, na ghafla anampenda...

"Hatuna haraka, mwanangu," baba akasema, macho yamefumbwa vilevile, sauti ya chini ambayo hajawahi kuitumia madhabahuni... na mvuke bado unapanda kutoka kwenye bakuli, na yeye anayatafuta maneno aliyokuja kuyasema na hayaoni, kwa maana akiwaambia sasa hivi kwamba hasali, atakuwa amewadanganya tena.