Mke Mwenzangu Niliyemkuta Kaburini

Picha ya mke mwenzangu iliingia nyumbani kwangu nikiwa nabangua korosho. Mjukuu wangu Muzdalifa alitoka ndani na tumbo lake la miezi minane, akachuchumaa kwa shida mbele yangu na kunigeuzia simu. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, nikamwambia asinipe, nitaichafua. Akasema sishiki, natazama tu.

Nikatazama. Msichana wa miaka kama kumi na mitano amesimama kando ya kiti alichokalia baba yake, mkono mmoja begani kwa baba. Nyuma yao kuna kitambaa cha mpiga picha, kimechorwa ngazi na maua. Paji la uso lilikuwa la Muzdalifa. Hata ule mkunjo mdogo katikati ya nyusi, ambao miaka yote nilidhani ameupata kwa kuniiga mimi nikikunja uso kwa moshi, ulikuwepo pale, umekaa kwa mwenyewe.

"Kudra," Muzdalifa alisema polepole, kama anayemwamsha mtu. "Bibi yangu."

Nami nimekaa pale pale kwenye kigoda, mbele yake.

Kudra nilimkuta kaburini. Amri aliponitoa kwetu Chumbi na kunipeleka kwake Mkongo alikuwa mgane, na mwanawe Twalibu ndio kwanza anatambaa na kula udongo. Nilimbeba yule mtoto siku ile ile, kabla hina ya harusi haijatoka mikononi, na Mungu hakunipa mwingine. Kila Shaabani tulisoma hitima, jina la Kudra likatajwa kati ya marehemu wetu, nami nikaitikia amina kwa sauti. Nilimfagilia kaburi. Sikuwa na kinyongo naye hata kidogo. Amri hakumzungumzia, na ndugu wa Kudra hawakuonekana. Ilisemwa tu kwamba baba yake alikuwa mtu wa kuja, mkata boriti huko kwenye mikoko ya delta, akaondoka baada ya msiba asirudi tena. Ni rahisi kuwa mwema kwa mtu asiye na watu.

Twalibu alikua, akaoa, akamzaa Muzdalifa, kisha homa ikamchukua Twalibu, mtoto akiwa bado mdogo. Mama wa mtoto akaolewa Lindi. Muzdalifa akabaki mgongoni kwangu. Amri alipofariki tukahamia Bungu, kando ya barabara kuu, nikauzia abiria korosho za kukaanga mpaka mjukuu wangu akawa mwalimu wa sekondari Kibiti, akaolewa na Hemedy, muuza vipuri vya pikipiki, tukakaa sote nyumba moja. Sikuwahi kufikiri kwamba yupo bibi mwingine.

Mambo yalianzia kliniki. Nesi Tereza, mtu wa bara mwenye sauti ya upole, alimwuliza Muzdalifa kama kwao kuna magonjwa ya kurithi. Mimi nilikuwa nimemsindikiza, nikadakia. Nikaeleza pumu ya kaka yangu Mussa, na sukari iliyomla mama yangu miguu, na mapacha wa shangazi yangu wa Chumbi. Nesi akawa anaandika. Nilikuwa nimefika kwenye macho ya babu yangu Muzdalifa aliponigusa goti.

"Bibi," akasema, "hayo ni ya kwenu."

Nesi Tereza alisita na kalamu yake. Hakuyakata yale maneno yangu mbele ya macho yangu. Alifungua ukurasa mwingine akaanza upya, taratibu, kana kwamba ule wa kwanza umejaa tu. Mpaka leo namwombea kwa hilo. Lakini neno "kwenu" nilirudi nalo nyumbani, na tangu siku hiyo halijatoka.

Jioni ile Muzdalifa akaanza kutafuta. Kwa wazee wa Mkongo alipata jina la baba yake Kudra: Sadala, Mngazija. Akaandika Unguja, wanakotunza karatasi za zamani, akajibiwa kwamba Sadala huyo yumo katika hesabu za forodha, akipeleka boriti. Unguja wakamwelekeza Komoro. Huko msichana mmoja mkarimu akampigia picha kurasa za kadhi, zikaonyesha kwamba baba yake Sadala alizaliwa Ibo, pwani ya Msumbiji. Karatasi za Ibo nazo zilikuwa zimepelekwa Ureno. Na mjomba fulani alikutwa katika karatasi za Ujerumani, kwenye majina ya watu waliolimishwa pamba hapa hapa Rufiji. Muzdalifa alikuwa akinisomea wakati wa kula, macho yanang'aa, wali unapoa.

Kila wiki marehemu akazidi kunenepa. Leo ana babu, kesho ana shangazi aliyejenga msikiti, keshokutwa ana binamu walio hai wanaotuma salamu za sauti kwa Kingazija, nao ndio walioleta ile picha. Alikuwa amelala kimya zaidi ya miaka hamsini, sasa ana jamaa mpaka Ulaya.

"Leo nani kazaliwa?" nilimwuliza siku moja alipokuja kukaa mkekani na simu yake.

"Bibi nawe," akacheka. "Leo nimempata mama yake Sadala."

"Mpe salamu. Mwambie kilembwe chake hakijaosha vyombo."

Alicheka mpaka akashika tumbo, akaenda kuosha. Alidhani ni utani wetu wa siku zote.

Wivu wa mke mwenza aliye hai una pa kwenda. Unamnunia, unamzidishia chumvi mchuzi wa zamu yake, siku inapita. Wa maiti unakaa nao. Nilikuwa naamka nao alfajiri, natia udhu nao. Nikifika mahali pa kuwarehemu wafu ulimi ulikuwa mzito kwenye jina moja tu. Na picha ile Muzdalifa aliiweka kwenye kioo cha simu, hivyo kila aliponipigia kutoka shuleni kuniuliza kama nimekula, nilijua amemtazama yule kwanza.

Nikamwuliza mara moja, kama mtu anayeuliza bei ya nazi, kwamba je, na wa kwetu hawatafutiki? Akababaika, akasema atajaribu. Hemedy ndiye aliyenifuata uani baadaye na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba mkewe alishajaribu, tena kabla sijauliza. Majina ya baba yangu na babu yangu aliyaandika kila mahali alikoandika la Sadala, hakuambulia hata mmoja. Watu wa kwetu walilima mpunga Chumbi. Mafuriko yalikuja wakahama, maji yakapwa wakarudi. Hawakupitisha kitu kwenye forodha ya mtu yeyote. Muzdalifa alinificha ili nisiumie. Niliuona wema wake, nikaushukuru, nao ukanichoma kuliko picha.

Mtoto akazaliwa salama, msichana. Muzdalifa alisema, bado amelala kitandani, kwamba angependa aitwe Kudra, kama Bibi ataridhia. Nikasema ni jina zuri. Ningesema nini?

Sasa, kwetu mama mzazi hasemi jina. Siku ya saba yeye hukaa chumbani nyuma ya pazia, na mtoto hupakatwa na mwanamke mkubwa wa nyumba. Mwalimu wa madrasa hunyoa shungi la kwanza, humwekea yule mwanamke kiganjani, kisha huuliza mtoto anaitwa nani. Jina litakalotamkwa nywele zikiwa mkononi halirudishwi, hata mama alie vipi. Muzdalifa alilijua hilo tangu utotoni. Alinipa mtoto mwenyewe asubuhi ile, akamfunika vizuri, akanibusu mkono. Nami nilikuwa nimekwisha kuamua. Huyu mtoto ataitwa Mwanawetu, jina langu. Kudra ana Ngazija na Ibo na Ureno. Mimi nina mapaja haya tu.

Barazani watu walikuwa wamejaa. Mzee Khamisi, mtani wetu Mngindo kutoka Mkongo, alikuwa amefika bila kualikwa, kama watani wafanyavyo, akanyoosha miguu mlangoni na kutangaza kwamba hapiti mtu mpaka apewe faini yake. Akapewa sahani ya pilau. Akala nusu, akanitazama.

"Jamani, mnamwona huyu kikongwe? Amenuna kama aliyeletewa mke mwenza leo asubuhi."

Watu wakacheka. Nikamwambia ale anyamaze, Mngindo mwenye njaa yeye.

"Sinyamazi. Mke mwenza mwenyewe nilimchimbia kaburi mimi, nikashindilia udongo kwa miguu yangu. Hatoki yule. Unamwogopea nini?"

Baraza zima likaangua kicheko, wazee wakapangusa macho kwa kanzu. Mtani hakasirikiwi, na alichokisema mtani hakuna awezaye kukisema tena baada yake. Kutoka nyuma ya pazia nikamsikia Muzdalifa naye akicheka. Kisha nikamsikia ameacha kucheka.

Khamisi alijisogeza karibu nami kama anayemtazama mtoto. Sauti yake haikuwa tena ya barazani.

"Siku ile tunamzika hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa kwao," akasema. "Wa Mkongo walimlilia kwa kuazima. Jina hupewa asiye na mdomo wa kuliomba, Mwanawetu. Wewe mdomo unao."

Mwalimu Abdulaziz alikuwa amekwisha kupiga bismilahi. Wembe ulipita mara moja, na shungi la nywele laini likaangukia kiganjani mwangu, jepesi hata sikulihisi. Akauliza, "Bi Mwanawetu, mtoto anaitwa nani?"

Pazia likatikisika. Muzdalifa alikuwa amesimama nyuma yake. Niliona vidole vya miguu yake chini, bado vimevimba kwa uzazi.

"Bibi," alisema kutoka kule, "sema unalolitaka wewe. Nitaliridhia."

Jina langu lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini nilichokiona ni mkono wa yule msichana kwenye bega la baba yake, jinsi ulivyoshika. Siku ile sikuuangalia sana, niliangalia paji la uso. Haukuwa mkono uliopumzika. Ulikuwa umelikamata lile bega, kama wa mtoto anayejua kwamba mzazi huyu ni mtu wa kuondoka.

"Kudra," nikasema. "Kudra binti Hemedy."

Sikulisema kwa moyo mweupe. Nililisema kama mtu anavyompisha mgeni kitini huku miguu yake mwenyewe inamuuma. Mwalimu akaitikia, watu wakaitikia, Khamisi akarudi kwenye pilau yake. Nyuma ya pazia mtu alikuwa analia taratibu, na sikutaka kujua ni kwa furaha au kwa aibu yangu.

Wembe uliporudi kichwani mara ya pili mtoto alilipuka. Alilia mpaka akawa mweusi. Tulimpa maji ya sukari kwa kidole, akayatema. Mama yake hakuweza kutoka, na kichwa kilikuwa kimenyolewa nusu, mtoto asingeweza kupelekwa ndani. Nikageukia ukutani, nikalegeza kanga yangu, nikampa titi langu, ambalo halijawahi kuwa na maziwa hata siku moja.

Kudra alilishika kwa kinywa chote, akavuta kwa nguvu, kama mtu aliyekuja kuchukua chake. Hapakuwa na kitu. Akaendelea kuvuta. Nikamwinamia kidogo, ili asipate tabu ya shingo.