Baba Mkwe Ndani ya Buti

Kuria alikuwa na kila kitu cha kwenda kuposa isipokuwa wazee. Baba yake alikuwa Nyeri na viza hana, ami zake walikuwa Nyeri na viza hawaitaki, na mimi niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja pale Crescent Town nilikuwa na ndevu za kuhesabika. Sasa nani atasimama mbele ya baba wa msichana aseme "sisi tumekuja"? Toronto watu huazimana makoti, magodoro, hata anwani za kupokelea barua. Kuria akaazima mzee.

Mzee mwenyewe alikuwa Madatali wa ghorofa ya juu yetu, Mwismaili aliyezaliwa Kisumu, akauza vitambaa huko, akaja kuuza vitambaa huku mpaka akastaafu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha bwana harusi. Alikubali palepale, tena akanunua na kofia.

"Lakini tunakwenda na gari yangu," akasema. "Mzee wa posa hawezi kuteremka kwenye basi kama mwanafunzi."

Gari hilo lilikuwa jipu refu la zamani, rangi ya chai ya maziwa, na umri wake ulikaribia wangu. Lilikuwa na tabia moja ambayo lazima uijue: mlango wake wa nyuma haufunguki mpaka kioo chake kishuke kwanza, chote, kijifiche ndani ya mlango. Na kioo hicho kinashuka kwa umeme tu. Umeme ukinuna, kioo kimenuna, mlango umenuna, na kilichomo butini kitaendelea kuwamo butini.

Jumamosi hiyo ya Juni mwaka 2009 butini mlikuwa na posa nzima: blanketi la mama mkwe, koti la baba mkwe, mifuko ya unga na sukari, na sanduku la barafu lenye nyama ya mbuzi mzima, kubwa kama kitanda cha mtoto. Tulipakia vizuri, kioo kikapanda vizuri. Kisha Shangazi Phyllis, shangazi wa Kuria wa damu kabisa, nesi anayeamrisha hata wasio wagonjwa, akatoka na kitenge chekundu akaanza kulipamba gari. Alipomaliza, nyuma kulikuwa na ua la kitambaa kubwa kuliko sufuria, limefungwa kutoka kwenye kioo hadi kwenye reli za juu. Tukapiga picha. Tukaondoka kwenda Pickering.

Nyumbani kwa Mzee Cheruiyot, baba yake Lynette, msichana mwenyewe, akina mama walikuwa wamejipanga nje na vitenge vya sare, wanaimba. Mzee mwenyewe alikuwa mlangoni na suti, mrefu, kimya, mtu ambaye Kuria alikuwa amefanya mazoezi ya kumwamkia mbele ya kioo cha bafu. Kando yake alisimama aliyetuogopesha zaidi: Mjomba Silvanus, kaka wa mama yake Lynette. Kwao mjomba asiposema ndiyo, hakuna posa. Na Mjomba alikuwa anapanda ndege jioni hiyohiyo kurudi Kericho. Akiondoka bila kusema ndiyo, Kuria angesubiri mpaka Mjomba apate nauli nyingine, na Mjomba si mtu wa kukimbilia nauli.

"Karibuni," akasema Mjomba. "Utaratibu wetu mnaujua. Mgeni haingii ndani kabla zawadi hazijatoka garini mbele ya akina mama. Zitoeni tuanze."

Mzee Madatali akabonyeza swichi ya kioo. Kimya. Akabonyeza tena, akiikazia macho. Kimya. Hata ule mguno wa mota, ambao siku nyingine husikika hadi chumbani kwetu, haukuwepo.

"Labda imelala," nikasema.

"Wewe ndiye utakayelala humu leo," akasema Shangazi Phyllis. "Wanaume wanne wa Crescent Town wanashindwa na kioo!"

"Tuko watatu, Shangazi."

"Nimehesabu na gari."

Mzee Madatali akachukua ufunguo, akazunguka nyuma, akauingiza kwenye tundu la mlango na kuuzungusha. Hiyo ndiyo njia ya pili ya kushusha kioo. Kimya. Akafungua kisanduku cha fyuzi, akaichomoa ya kioo na kuiinua kwenye jua. Uzi wake ulikuwa mzima.

"Basi ni mota," akasema. "Mota ya zamani huwa inakwama. Mmoja abonyeze, mwingine apige mlango ubavuni, inaamka."

Nikakaa mbele nikabonyeza. Kuria akapiga. Pa! Hakuna kitu. Pa! Pa! Akina mama waliposikia wakadhani ndiyo ngoma ya upande wetu. Wakaipokea. Kuria akipiga, wao wanageuka kushoto. Akipiga, wanageuka kulia. Vigelegele vikapanda hadi jirani Mzungu akatoka na simu kupiga picha. Kuria akaona aibu kuacha. Alipiga mlango ule wimbo mzima.

Lynette alikuwa dirishani juu, maana hakuruhusiwa kushuka mpaka aitwe. Simu ya Kuria ikalia. Ujumbe: "Mpenzi, umeleta gari ama kabati?"

"Tutoe kupitia siti za nyuma," Kuria akasema, jasho likimtiririka.

Siti moja tu ndiyo ilikubali kulala, na tundu lake lilikuwa la mtu, si la sanduku la barafu. Tulijaribu. Sanduku likakwama, likakwamuka, likarudi lilipotoka.

Mjomba akatazama saa. "Ndege yangu haijui habari ya kioo," akasema, na akaanza kugeuka.

Hapo ndipo Mzee Cheruiyot alipotembea mpaka kwenye gari na kuvua koti la suti.

"Baba, tafadhali usijisumbue!" Kuria akasema.

"Usiniite baba bado. Nishikie koti."

Akainama, akaingia kupitia tundu la siti, kichwa kwanza. Mabega yakaingia, mkanda ukaingia, mwisho tukabaki na viatu viwili vyeusi vinavyong'aa, navyo vikaingia. Akina mama waliacha kuimba.

"Kuna kitu baridi hapa," sauti ikatoka ndani.

"Hiyo ni zawadi yako, Mzee!" Shangazi akapiga kelele. "Usiitazame!"

"Siitazami. Nimeilalia." Gari likatikisika akijigeuza. Kisha: "Madatali! Mbona waipa yenu imesimama wima katikati ya kioo?"

Sisi wa nje tuliona ua la kitenge tu. Yeye, kwa ndani, aliona kilicholishikilia.

Mzee Madatali akajipiga paji la uso. "Are, baba! Gari hii haikubali kushusha kioo kama waipa iko juu yake! Inaogopa itaikata. Lazima waipa ilale kwanza, pale chini, ndipo kioo kisikie swichi. Lakini nani kaisimamisha?"

Vichwa vyote, vya upande wetu na vya upande wao, vikageuka polepole kwa Shangazi Phyllis. Kumbe alipokosa pa kufungia ua lake, aliiwasha waipa, akalizima gari waipa ikiwa imefika katikati ya kioo, akaifunga papo hapo kwenye reli.

"Mnaniangalia nini?" akasema. "Mlitaka tuje kuposa na gari uchi?"

Fundo lilikuwa la nesi, la kuzuia damu. Kuria alilifungua kwa meno. Ua likaanguka, nikabonyeza swichi. Bado kimya.

"Ngoja," akasema Mzee Madatali, sasa macho yanang'aa kama ya mtu aliyeshika mwizi. "Gari ilipowaka, waipa ilitaka kwenda kulala, na Phyllis ameifunga kamba. Imevuta, imevuta, imechoma fyuzi yake. Ya waipa, si ya kioo! Mimi nilitazama ya kioo."

Akachomoa fyuzi ya kiwashia sigara, ambacho hakuna aliyekigusa miaka yote, akaichomeka mahali pa ile iliyoungua. Waipa ikatikisika, ikateremka taratibu, ikalala. Nikabonyeza. Mota ikaguna, na kioo kikaanza kushuka.

Kwanza zikatokea mvi za Mzee Cheruiyot, kisha paji lake likiwa na unga, kisha uso wote, unacheka. Mimi sikujua kama uso ule unacheka. Vigelegele vilivyolipuka hapo, nadhani Kericho walivisikia bila simu. Naye, kwa furaha ya kuvuta hewa, akaanza kutugawia mizigo dirishani: blanketi kwa mkewe, sukari kwa dada yake, unga kwa yeyote, hata koti lake jipya akalirusha nje bila kujua ni lake.

"Simama!" Mjomba Silvanus akanguruma.

Kuria alikuwa ameshika makoti mawili na roho yake.

"Nani ametoa zawadi hizi garini?" Mjomba akauliza. Akajijibu mwenyewe: "Ni shemeji yangu. Sasa kwa utaratibu wetu, anayetoa zawadi garini ndiye anayeposa. Shemeji, unamposa nani? Dada yangu?"

"Mimi nimekubali," akasema mama yake Lynette, blanketi begani. "Lakini arudi na wazee wake."

"Nitamwazima Madatali," akasema Mzee Cheruiyot kutoka butini.

Watu waliangua kicheko mpaka Mjomba mwenyewe akashindwa kukunja uso. Akainua mkono. "Basi, tuanze upya. Kila kitu kirudi ndani. Shemeji atoke. Bwana harusi atoe kwa mikono yake."

Tukarudisha vyote. Mzee Cheruiyot tulimtoa kwa mlango wa nyuma wenyewe, maana sasa ulifunguka kama haujawahi kutuudhi. Tukaufunga tena, utaratibu ni utaratibu. Mzee Madatali, mtu nadhifu, akaona si vizuri gari kukaa wazi mbele ya wakwe. Akajipenyeza mbele, akanyoosha kidole kwenye swichi.

"USIPANDISHE KIOO!"

Tulipiga kelele wote. Sisi, akina mama wa sare, Lynette dirishani, jirani Mzungu ambaye hakujua tunasema nini lakini alielewa. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Mjomba Silvanus.

Alijishtukia, akakohoa, akarekebisha tai. "Mimi nimekaa kwenye posa nyingi," akasema. "Pande mbili hubishana mpaka giza kabla ya kusema neno moja kwa pamoja. Nyinyi mmeshalisema. Kuria, toa mbuzi. Mimi nasema ndiyo."

Kuria akalibeba lile sanduku peke yake, mbio, akipita katikati ya akina mama wanaocheza, na mpaka leo anasema lilikuwa jepesi.

Jioni Mzee Madatali akajitolea kumpeleka Mjomba uwanja wa ndege. Nikamfungulia mlango wa nyuma nipakie begi lake. Akashukuru sana, akapanda mbele, na begi akalipakata mwenyewe njia nzima.